Firigisi ya Baba

Kwa nini sili nyama? Swali hili limenichosha kuliko maharage yenyewe. Kwenye harusi na misiba ya hapa Sumbawanga, nikila pilau bila kugusa mnofu, mtu wa pembeni lazima anigeukie. Mmoja atauliza kama nimekuwa Msabato, mwingine kama nina vidonda vya tumbo, na yupo aliyeninong'oneza nimtajie mganga aliyenipa mwiko huo. Zamani nilikuwa naeleza. Siku hizi nasema ni tumbo tu, naendelea kula.

Ukweli wenyewe ni mdogo: nyama niliikinai. Nyumbani kwangu Izia tunakula maharage, majani ya maboga, uyoga mvua zikianza, na samaki mara mojamoja. Nikiwa ugenini nikabanwa, naonja kipande nisimvunje mwenyeji moyo.

Aliyenishinda ni mama. Kila nikienda kumwona kijijini Kaengesa alichinja jogoo, na firigisi akaniwekea mimi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Tulipokuwa watoto, aliyeidokoa alichapwa. Baba alipofariki ikahamia kwangu, kifungua mimba wake, nami nikawa naimeza kama dawa. Safari ya mwisho nilichoka kabisa. Nikampigia simu kabla ya kwenda, nikamwomba asichinje, maharage yananitosha. Akasema sawa.

Nilipofika nikamwamkia, akaniandalia ugali wa ulezi na maharage. Nikafurahi, nikadhani mambo yamekwisha. Kisha akarudi jikoni, akaja na kibakuli kilichofunikwa kwa kisahani. Ndani mlikuwa na firigisi, peke yake.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Jogoo nimewapa majirani, kwa kuwa wewe huli nyama," akasema. "Hii ni ya baba yako. Unataka nimpe nani?"

Akaketi mkekani, mikono mapajani, ugali ukipoa mbele yetu. Nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nikajionea huruma, maana siku ile nilitamani kula chakula changu tu, nisiwe mtu mwingine. Nikaichukua firigisi, nikaitafuna polepole mpaka ikaisha.

Ndipo mama aliponawa, akamega tonge lake la kwanza.