Mgonjwa Alikuwa na 13, Mzima Alikuwa na 21

Munganga Dancille, muuguzi wa kituo cha afya, alifunga kile kitambaa cha mashine kwenye mkono wa Papa Cirimwami kwa mzaha tu.

Mgonjwa wa nyumba ile alikuwa mke. Kila Alhamisi saa tisa alasiri Dancille alipita pale mtaa wa Mapendo, Goma, kumpima Mama Chance tension, maana damu yake ilikuwa inapanda miaka sasa. Siku hiyo mama alipata 13 kwa 8. Kwa mtu anayeishi kwa vidonge, hiyo ni safi.

"Na weye papa, leta mukono," Dancille akasema. "Kila siku unatuangaliaka tu."

Mashine ikavimba, ikalegea. Dancille akatazama namba. Akapima tena. Akahamia mkono wa kushoto, akapima mara ya tatu.

21 kwa 12.

Kama huzijui hizo namba, mtu mzima aliyetulia huwa kwenye 12 kwa 8, yaani ile 120 kwa 80 ya mashine nyingine. Ukifika 21, mshipa wa kichwa unaweza kupasuka umekaa kwenye kiti unakunywa chai.

Cirimwami alikuwa amekaa kwenye kiti. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi.

"Papa, unasikia nini?"

"Niko muzuri."

Ulikuwa uongo. Na haukuwa wa kwanza mwezi ule.

Cirimwami ana miaka sitini na moja. Alikuwa directeur, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, sasa amepumzika. Ni mtu wa Bukavu aliyehamia Goma kijana, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache. Hajawahi kulazwa. Kama kulikuwa na mtu ambaye mtaa mzima ungemwapia kwamba ni mzima, ni yeye.

Mke wake ni Louise, lakini watu wote wanamwita Mama Chance, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Mwaka 2021, volkano ilipotoka na watu wakakimbilia Sake kwa miguu, Louise alianguka barabarani. Ndipo ugonjwa ulipojulikana. Daktari alimvuta Cirimwami pembeni akamwambia, "Huyu mama musimushitue-shitue."

Cirimwami aliigeuza kauli ile sheria ya nyumba. Habari mbaya ikifika mlangoni, yeye anaipokea na inaishia kwake. Jirani amekufa, Louise anaambiwa baada ya mazishi. Risasi zikilia, radio inazimwa. Na miaka minne mpango huo ulikwenda vizuri.

Mpaka ile Jumamosi.

Ilikuwa siku kumi na tisa kabla ya Dancille kumpima. Saa tatu asubuhi telefone ikalia. Ilikuwa Victoire, mke wa Chance, kutoka Butembo, ambako Chance alikuwa fundi wa magari.

"Papa," akasema, kisha akashindwa. Mtu mwingine akachukua telefone na kumalizia.

Chance alikwenda kutengeneza lori lililokufa kwenye mlima wa barabara ya Lubero. Breki za lori zikaachia, likateremka. Yeye alikuwa chini yake.

Cirimwami alitoka nje, akakaa kwenye ule ukuta wa mawe meusi nyuma ya nyumba. Moyo ulikuwa unampiga mpaka kwenye meno. Barabara ya kwenda Butembo ilikuwa imekatwa na vita, hakuna gari, hakuna ndege. Watamzika kesho yake, bila baba, bila mama.

"Nani anapiga?" Louise akauliza kutoka jikoni.

Cirimwami akafungua mdomo. Akilini akamwona tena Louise pale chini kwenye barabara ya Sake, macho yamegeuka.

"Mwalimu mumoja wa zamani," akajibu. "Anasalimia."

Jioni akampigia Victoire. "Usipigie mama. Nitamwambia mimi mwenyewe, polepole."

Hiyo polepole haikufika.

Jumatatu mchana Louise alirudi kutoka sokoni, akaweka kikapu chini, akauliza, "Chance hajapiga?"

"Alipiga ukiwa huko sokoni. Anasema telefone inamusumbua."

Jumatano akauliza tena. Ijumaa tena. Kila alipouliza, Cirimwami alitunga kitu. Chance ana kazi nyingi. Chance ana homa kidogo, imepita. Siku moja alileta hata salamu, kwamba Chance anauliza kama mama anameza dawa vizuri. Aliposema hivyo sauti ikamkatika, akajifanya anakohoa.

Hakulia hata mara moja. Angelilia wapi? Nyumba ni vyumba viwili, na Louise ana macho.

Basi kilio kikatafuta njia nyingine. Kisogo kilianza kumuuma kila asubuhi, kama mtu ameweka jiwe pale. Masikio yakawa yanavuma. Usingizi ukakimbia. Yeye ambaye hakuwahi kugombana na mtu, akamfokea jirani kwa sababu ya kuku. Chakula hakikuwa na ladha, akawa anamwaga chumvi kwenye maharagwe mpaka Louise akamtazama. Siku mbili alishindwa kusoma gazeti, herufi zilikuwa zinaogelea.

Alisema ni uzee.

Sasa Dancille alikuwa amesimama mbele yake, na hacheki tena.

"Tunaenda ku kituo cha afya. Sasa hivi. Mama, weye utatufuata na nguo zake."

Motari akawapeleka taratibu kwa pikipiki yake, akikwepa mawe. Pale kituoni Dancille alimlaza, akampa kidonge, akamwita daktari, wakampima moyo. Kisha akavuta kiti.

"Papa, hii tension pengine uko nayo tangu zamani, hukujua. Lakini kuna kitu kiliisukuma. Nini ilikupata?"

Cirimwami akageukia ukuta. Rangi ilikuwa imebanduka. 

"Mutoto wangu alikufa," akasema. "Siku kumi na tisa. Mama yake hajui."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka mdomoni mwake. Dancille hakusema pole haraka. Alimshika mkono kwanza.

"Utamwambia leo," akasema. "Hapa, nikiwa karibu, dawa ikiwa karibu."

"Nitamuua."

"Na ukianguka weye kesho, papa? Nani atakuja kumwambia vifo viwili mara moja?"



Louise aliingia dakika chache baadaye, kitambaa kichwani, mfuko wa nguo mkononi. Dancille akasogea dirishani lakini hakutoka. Cirimwami alijaribu kukaa. Moyo ulikuwa unakimbia kama siku ile ya telefone. Aliwaza, sasa hivi namuua mke wangu kwa mdomo wangu.

"Mama Chance," akaanza. Akaliacha jina hilo. "Louise. Chance..."

Louise akaweka mfuko chini.

"Ninajua," akasema.



"Unajua nini?"

"Ninajua tangu siku ya tatu. Jumatatu telefone ya Chance ilikuwa imezimwa. Nikaenda kwa dada yangu Namegabe, nikapigia Victoire na telefone yake. Victoire alizani ulishaniambia. Akaniambia, mama, poleni."

Cirimwami alimtazama kama mtu anayetazama mgeni.

"Na sokoni? Kila asubuhi unaenda sokoni."

"Siendaki sokoni, papa. Ninaenda kwa Namegabe. Tunalia naye mpaka saa sita. Wamama wa kanisa wanakuja, wanaimba, tunaombea mutoto. Nikimaliza ninanawa uso, ninanunua mboga ya kuonyesha, ninarudi."

"Sasa kwa nini ulikuwa unaniuliza kila siku kama amepiga?"

Louise akakaa pembeni ya kitanda.

"Nilikuwa ninakufungulia mulango," akasema. "Niliwaza, leo atasema. Nikikuambia mimi wa kwanza, utavunjika mbele yangu, na weye hutakaki mutu akuone umevunjika. Nikasema nikungojee. Weye kila siku unaleta salamu za mutoto mwenye amekufa."

Cirimwami alilia hapo. Alilia kwa sauti, directeur mzima, mpaka mlinzi wa mlangoni akachungulia. Louise alimlaza kichwa kwenye kifua chake, na yeye akalia naye. Walilia saa nzima, kwa mara ya kwanza pamoja.

Dancille akapima tena baadaye. 18 kwa 11.

"Musizani ni machozi yameponya," akawaambia wote wawili. "Ni kidonge kimeanza kufanya kazi. Papa, utakimeza kila siku kama mama, ukisikia vibaya, ukisikia vizuri. Na chumvi, tumalizane nayo. Lakini mutu akibeba hofu na uchungu peke yake, moyo unakimbia muchana na usiku, yeye halali usingizi, hakuli vizuri, na damu inapanda juu ya ile ilikuwa imeshapanda. Mama yeye alikuwa na kidonge, na alikuwa na watu. Weye hukuwa na hata kimoja."

Jumamosi iliyofuata wakafanya matanga nyumbani, kama inavyotakiwa. Viti vilijaa mpaka barabarani. Victoire alipigiwa, telefone ikawekwa katikati ya watu, akaeleza mwenyewe jinsi mume wake alivyozikwa. Louise alisikiliza mpaka mwisho. Hakuanguka.

Miezi minne sasa. Cirimwami yuko kwenye 14 kwa 9, na Dancille bado hajaridhika. Cirimwami mwenyewe ameniruhusu niandike haya na jina lake, kwa sharti moja, kwamba nisiyapambe.

Kwa hiyo sipambi. Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa tension, usimrushie habari mbaya kama jiwe, lakini usimfungie nje ya maisha yake pia. Mkalishe, awe amemeza dawa, muwe wawili au watatu, mwambie. Mara nyingi ameshaona usoni mwako.

Na wewe unayejiita mzima, unayebebea wote na kusema "niko muzuri", nenda ukapimwe. Haichukui dakika tano. Cirimwami alikuwa anamlinda mke wake na kifo, kumbe mke ndiye aliyekuwa anakaa karibu naye kila jioni, akimhesabia pumzi, akiomba apate nguvu ya kusema.