Mkia wa Mbuzi Mgongoni mwa Mgeni

Naanza na aibu yenyewe, msije mkasema niliificha: mimi, mwenye akili timamu na niko darasa la kumi na moja, nilikata mkia wa mbuzi wa baba yangu nikaubana kwa pini mgongoni mwa mtu mzima ambaye hakunikosea kitu, na mtu huyo akatembea nao mbele ya kijiji kizima cha watu wenye masikio marefu. Hayo masikio nitayaeleza. Mkia pia nitaueleza. Kisichoelezeka ni kichwa changu.

Sisi tuna bucha Scarborough, huku ughaibuni, kwenye plaza, katikati ya kinyozi na duka la sari. Baba anakata, Mama anapima (yaani anatawala), dada Rukia anafunga nyama na kuongea na wateja kwa ile sauti yake ya asali, na mimi napiga deki na kutoa maoni ambayo hayajaombwa. Sasa kila Agosti kuna watu wazima, wenye kazi zao za maana, wanaokodi shamba lenye msitu pembeni mwa mji na kujenga humo kijiji cha elfi, wale viumbe wa hadithi za Kizungu, wembamba, masikio yamechongoka kama pilipili, wanaoongea taratibu kana kwamba wanasoma tangazo la msiba. Wanaishi humo siku tatu. Sisi nyumbani tunawaita Masikio. Mwaka huu wakataka kijiji chao kiwe na bucha ya familia (kwenye hadithi elfi wanakula majani na umande, lakini kwenye foleni yetu nimewaona wakitafuna mbavu mpaka mfupa unaomba msamaha), wakamwita Baba, kwa masharti mawili: friji yetu ya kioo izungushiwe magome ya miti ionekane ya kale, na kila anayepita getini, awe muuzaji au mgeni, avae masikio ya mpira.

Baba alivaa yake, yakatokeza chini ya kofia yake ya kiua. Rukia alivaa akajipiga picha mpaka simu ikazima. Mama alipoulizwa na mlinzi alijibu kwamba ameshayavaa, yako ndani ya mtandio, na anayebisha alete mwanamke wa kumkagua. Hakuna aliyebisha.

Lakini kilichotunyima raha siku zile hakikuwa nyama. Kulikuwa na kijana wa Rexdale, upande wa pili wa jiji, Idrisa, aliyekuwa anakuja kununua utumbo dukani kwetu kila Jumamosi, na mtu anayepanda mabasi matatu kufuata kilo moja ya utumbo huyo hajafuata utumbo. Alikuwa anamtaka dada yangu, dada yangu naye anamtaka, ila ukoo wake ulikuwa haujaleta barua ya posa, na mnajua kwetu barua haiji hivi hivi, kwanza wanaulizauliza, hawa ni watu gani, baba ana dini, mama ana mdomo gani, watoto wamelelewa au wamefugwa. Wiki ya tatu ya kuingoja barua ilikuwa inakatika, kimya. Rukia alikuwa anaiangalia simu kama mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara. Asubuhi ya kwenda kijijini Mama alinishika kola.

"Beka," akasema, "mpaka barua ya watu wa Rexdale iingie nyumbani kwangu, wewe hujazaliwa."

Nikamwambia sawa, nitazaliwa baada ya harusi. Kofi lilinikosa kidogo tu.

Sasa, jambo la pili. Ng'ambo ya maegesho yetu ilifunguliwa bucha nyingine, na wiki mbili baada ya sisi kuanza kuuza mishkaki iliyolazwa kwenye papai bichi, wao nao wakaanza, papai lile lile. Baba akaapa kwamba kuna mtu alitumwa. Tangu siku hiyo anachanganya viungo vyake kwenye ndoo yenye mfuniko akiwa ametupa mgongo, na mke aliyeishi naye miaka ishirini na mbili hajui mle ndani mna nini (au anajua na anamstahi). Kule kijijini akanipa kazi ya kuangalia watu: anayeitazama ndoo kuliko nyama, nimwambie. Kumpa mtu kama mimi kazi hiyo ni kama kumpa mtoto filimbi na kumwomba asipulize.

Kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshamshuku kila mtu. Nilimshuku bibi mmoja aliyenusa moshi wa mishkaki yetu mara mbili. Nilimshuku mpiga kinubi. Halafu akaja yeye. Alikuwa amevaa joho la kijivu la kukodi, yale yanayotolewa getini, kofia yake imemfunika mpaka kwenye nyusi, na kwa kuwa mwenyewe mfupi na ana kitambi, joho lilikuwa linafagia majani, na kila likiinuka kwa chini zinaonekana buti za ghalani, zile zenye chuma kwenye vidole. Nikajiuliza, elfi gani anatoka msituni na buti za ghalani? Akanunua robo ya maini, kwa Kiingereza, akaondoka. Hazikupita dakika ishirini akarudi, akanunua figo mbili. Akarudi tena. Kati ya safari na safari alikuwa anasimama nyuma ya mti ule ule, anamwangalia Baba akinawa mikono, anamwangalia Mama akisukuma foleni, anamwangalia Rukia kwa muda ambao mimi kama kaka sikuupenda, kisha anaingiza simu ndani ya mkono wa joho na kuandika, wakati simu mle kijijini ni marufuku. Akamuuliza Baba amezaliwa wapi na nani alimfundisha kuchinja. Akaitazama ndoo. Naapa aliitazama ndoo.

Na kila akishapewa nyama yake hakuondoka, alikuwa anasimama tu, kimya, mpaka Baba bila hata kufikiri anamtupia kipande cha mafuta juu, ndipo anatikisa kichwa na kwenda. (Hapa mwenye akili angeshtuka. Masikio wakipewa kipimo chao wanashukuru kwa mashairi na kuondoka. Watu wanaosimama pale kusubiri nyongeza ni watu wetu. Lakini mimi nilikuwa nimekazia macho buti.)

Nikamwambia Baba, akasema tumwache kwanza. Nikamwambia Mama, akasema hana nafasi. Nikamwambia Rukia, akasema mbona ana macho ya upole, nikaona basi, dada naye ameshanunuliwa.

Ndipo nikatoa uamuzi wangu mdogo. Majoho yote mle yalikuwa ya kijivu, ukimpoteza mtu humpati tena, kwa hiyo nikaona nimtie alama nimfuatilie kwa mbali mpaka nijue anapeleka habari kwa nani. Alama gani? Macho yakaenda kwenye friji. Baba akitundika mbuzi huacha mkia, kama inavyofanywa kwetu, ili mnunuzi aone mwenyewe kwamba huyu ni mbuzi na si mwenzake anayebweka, na machinjioni wameshazoea kumwachia. Mbuzi asiye na mkia, Baba husema, hana cheti cha kuzaliwa. Alikuwa amebaki mbuzi mmoja. Baba alikuwa nyuma ya gari anaswali adhuhuri, Mama amefuata barafu. Nikakata. Pini nikaichukua kwenye kikopo cha Mama cha pini za mtandio, ile yenye kichwa cha kijani. Yule bwana alipoinama kwa mara nyingine kuchungulia ndoo, nikapita nyuma yake na pipa la takataka, sekunde moja, kazi imekwisha. (Na nikisema kweli, nusu ilikuwa upelelezi, nusu ilikuwa kwa sababu ilichekesha sana.)

Sasa kuna sheria moja ya kijiji sikuwa nimeisoma, maana mimi karatasi za masharti husoma mstari wa kwanza na wa mwisho. Kwenye mchezo wao Masikio wana adui, viumbe wenye mikia wanaojigeuza elfi na kuingia kijijini kwa siri, na walinzi walikuwa wanawatafuta tangu jana yake bila kupata hata mmoja, wamechoka, wanahitaji kazi. Mtoto mmoja akauona mkia. Akapiga kelele. Pembe ikapulizwa, wakatokea walinzi na mikuki ya mbao, wakamshika yule bwana mikono huku wakimwomba radhi kwa adabu, wakampeleka mbele ya malkia wao, ambaye kiti chake kilikuwa hatua kumi kutoka bucha yetu, na kijiji kizima kikamiminika kuangalia.

Malkia (siku nyingine ni daktari wa meno) akamuuliza ni nani na ametumwa na nani. Maskini hakujua kama kuna mkia. Alichoona ni mikuki. Akasema kwa Kiingereza kwamba yeye ni mgeni tu, malkia akajibu kwamba wote husema hivyo, akaamuru mkia uinuliwe. Mlinzi akauinua. Yule bwana akageuza shingo, akaona mkia wa mbuzi umetoka kwake, kofia ya joho ikaanguka, sikio moja la mpira nalo likaanguka, na hapo akaacha Kiingereza.

"Jamani wenye bucha, mimi ni mgeni wenu," akasema, kwa Kiswahili cha Tanga kabisa. "Natoka Rexdale. Ni baba mkubwa wake Idrisa."

Masikio wakampigia makofi, maana walidhani hiyo ndiyo lugha ya viumbe wenye mikia.

Rukia akakaa juu ya boksi la barafu. Baba, aliyekuwa amemaliza swala na kushika kisu, akakimbia kwenda kumpokea mgeni akiwa nacho mkononi bado, jambo ambalo walinzi walilifurahia zaidi. Akaomba radhi, akamwita kaka, akamkaribisha. Mzee alikuwa anaangalia friji yetu.

"Na huyo mbuzi wenu," akauliza polepole, "mkia wake uko wapi?"

Baba akageuka, akaona. Sijapata kumwona baba yangu akiwa amesimama vile, mtu aliyejenga jina lake mkia kwa mkia, mbele ya mtu aliyetumwa kuja kuangalia jina hilo. Akaapa kwamba asubuhi ulikuwepo. Mzee akauchomoa mkia mgongoni mwake, akaitoa pini, akaiinua pini juu ili watu waione kichwa chake cha kijani, akauliza ni ya nani. Mama alikuwa amesharudi na barafu. Angeweza kunyamaza, pini hazina majina. Akasema ni yake, kisha akaniangalia katikati ya masikio yote yale, na masikio yote yale yakageuka.

Nikasema nilidhani ni jasusi.

"Jasusi wa nini?" akauliza mzee.

"Wa mishkaki."

"Ujasusi ni kweli nilitumwa," akasema. "Lakini si wa mishkaki." Akaitia pini kwenye mfuko wa shati, akarudisha joho getini, akaondoka bila kula. Mama hakuiomba.

Baba aliendesha na masikio yake mpaka nyumbani, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Siku tisa zikapita. Rukia hakunigombeza, angenigombeza ingekuwa nafuu, alikuwa ananipitia kama kiti. Idrisa alisema baba mkubwa hajafungua mdomo, na Jumamosi hakuja kuchukua utumbo. Nilideki bucha ile mpaka mteja mmoja akateleza.

Siku ya kumi, Jumapili, wakaja wazee wawili na shangazi mmoja na barua kwenye kitambaa cheupe. Shangazi alisema baba mkubwa ametoa maelezo mafupi: baba anatoa nyongeza kwa mtu asiyemjua, mama hasemi uongo hata ukiwa wa kumwokoa mwanawe, na binti anafaa. Kuhusu mtoto wa kiume hakusema chochote. Rukia alikimbilia chumbani akalia kwenye mto kwa furaha, na mimi nikaapa kimoyomoyo kwamba mkia wowote, hata wa mbuzi wa Idi, kwangu tangu leo ni haramu kuugusa, nikaanza kuona yamekwisha, nikacheka hata. Mama alipokunjua kile kitambaa, pini ikaanguka. Akaiokota, akaifuta kwa khanga, akasimama mbele ya kioo akaibana chini ya kidevu, halafu akasema bila kugeuka:

"Pini yangu imerudi. Adabu yako imebaki Rexdale. Kesho panda mabasi matatu uifuate, na usirudi bila hiyo."