Konje ya mupimaji wa Bunyakiri

Jana mupimaji damu wa Bunyakiri alikuja mwenyewe nyumbani. Mbele ya jana nilimujua kwa mwandiko wake tu. Mama anasimamia wapimaji wa hospitali ndogo za huku kwetu, toka Idjwi mpaka Luvungi, na mimi ndiye ninamuandikia barua jioni, kwa sababu macho yake yanachoka. Yule mupimaji aliomba mara mbili kuhamia huku Bukavu. Zile barua mbili za kumukatalia ni mukono wangu.

Nilimuletea chai nikiangalia chini. Viatu vyake vilikuwa na udongo mpaka juu.

"Citoyenne," akaanza. Kazini wanamuita Maman. Mama akajua ni kasirani.

"Kunywa kwanza. Kasirani itangoja, chai itapoa."

Akacheka kidogo. "Maman, bibi yangu atazaa mwezi huu, hapa mujini, Kadutu. Mutoto wa kwanza nilimuona anajua kukaa. Wa pili nilimukuta anatembea. Huyu wa tatu naye akuje kuniita tonton, sawa mujomba?"

"Nitatuma nani kule? Wa Idjwi iko mugonjwa. Wa Luvungi anakunywa pombe, ndiyo maana nilimuleta hapa mujini, nimuone."

"Mimi sikunywe. Raporo yangu ya kila mwezi haijachelewa hata siku moja. Na niko Bunyakiri."

Mimi ndiye ninapanga zile raporo, na nilijua anasema kweli. Anayeharibu kazi tunamuvuta karibu. Huyu hakuharibu kitu, tukamuacha kule. Nilitaka kusema hivyo mbele yao. Nilimumiminia chai nyingine tu, ikajaa mpaka kwenye kisahani.

Alipoenda kwa bibi yake, Mama akanisogezea karatasi na kalamu. "Andika," akasema. Nikaanza na "Tunasikitika", kama mara zingine.

"Futa. Konje: apumuzike kwa bibi yake mwezi mmoja, kuanzia Jumatatu."

"Na kule atabaki nani?"

Akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa bluzi yake nyeupe ya zamani, ya wakati alikuwa mupimaji.

"Na macho, Mama?"

"Yanachoka mangaribi. Damu nitapima asubuhi."

Akaivaa. Vifungo havikufika. Akakaa kitandani nayo vile, kama mutu ametoka safari, kumbe hajaenda. Nikaleta makasi na sindano, nikaanza kufungua mushono wa ubavuni, ipanuke.