Asali ya Nesi Advera

Masolwa ni mrina asali wa huku Sikonge, mtu asiyeogopa nyuki wala fisi, lakini siku Nesi Advera alipohamishiwa zahanati ya kijijini kwake alikosa hata hamu ya ugali. Advera ndiye aliyekuwa akimpa dawa za virusi vya UKIMWI kule Tabora mjini. Kila tarehe yake ilipofika, Masolwa alimwambia mkewe, Getruda, mama yake Tobias, kwamba anapeleka asali sokoni, na kopo la vidonge alilijaza pamba lisilie mfukoni. Sasa anayejua siri yake amepanga nyumba ya tatu kutoka kwake.

"Shikamoo, baba. Mimi mgeni hapa," Advera alimwamkia njiani, kama hajapata kumwona. Masolwa hakushukuru ng'o. Mtu anayejua kuigiza hivi, aliwaza, atashindwa nini? Akimsikia anacheka na wanawake bombani, alijua anachekwa yeye. Tarehe ya dawa ikafika, hakwenda Tabora. Advera si anaijua tarehe? Akimwona anapanda basi, kwisha habari yake. Basi mjanja wetu akakaa wiki nzima bila kidonge.

Wenzake Advera wa mjini wakampigia simu: mteja wao hajaonekana. Akaja kuulizia asali, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila mara akamnong'oneza Masolwa, "Baba, usiache dawa. Njoo kwangu au rudi kule, nakuomba." Masolwa akaona ni mtego mtupu, akamkatalia.

Getruda naye ana macho. Nesi gani huyu, asali kila siku, na minong'ono juu? Asubuhi moja akamvaa Advera bombani mbele ya wanawake wote, akamwita mwizi wa waume za watu, akamtukana mpaka mama yake mzazi. Masolwa alikuwa akipita na baiskeli. Akasimama. Sasa atajitetea, sasa atasema.

Advera akainamisha kichwa. Machozi yalimtoka, neno halikumtoka.

Aibu ikamshika Masolwa, akaiangusha baiskeli. "Mama Tobias, mwache. Alikuwa ananifuata mimi kwa sababu nimeacha dawa. Nina virusi."

Hakuna aliyekumbuka kufunga bomba.

"Tangu lini?" Getruda aliuliza.

"Mwaka wa nne huu."

Getruda akakaa chini, palepale kwenye tope. Advera akajifuta uso kwa kiganja, akachuchumaa kando yake.

"Twende tukapime, mama," alisema. "Nitakuwa na wewe."