Doa la kisigino na sandali za mdogo wangu

Admin, nifichie jina. Leo tuko mwezi wa saba, kipindi cha baridi na vumbi hapa Lubumbashi, na ni miaka ishirini na mitano tangu vita vinitoe Pweto. Nina miaka sabini na moja. Nilikuwa mwalimu, naishi mtaa wa Makomeno na mke wangu.

Mwaka jana mdogo wangu, aliyebaki Pweto katika nyumba ya baba yetu, nyumba tunayogombania hadi leo, alikuja kunitembelea. Aliniletea samaki wakavu na sandali za ngozi. Baadaye niliona doa kwenye kisigino. Haliumi, haliwashi, ila linatanuka. Kingo zake hazina mpangilio, huku kahawia, kule jeusi kama lami. Nikajua amenitega kwa uchawi kwenye sandali.

Kwetu wengi wanaamini aliyekutega mguu ndiye anayekufungua, tena nyumbani kwenu. Dada yangu akanihimiza niende Pweto. Mke wangu akanipeleka hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole, aliuchunguza mguu kwa kioo cha kukuzia. “Papa, hii inaweza kuwa kansere ya ngozi. Haionekanake sana, lakini sisi batu beusi inatupataka kwenye nyayo, viganja, chini ya kucha. Tukate kipande kidogo tupime, mbele ya kuenea.”

“Mbona haliumi?”

“Ndio ile inadanganya batu, papa.”

Nyumbani mke wangu akasema, “Hii alama niliionaka mbele ya mudogo yako kufika. Ukaniambia ni rangi ya viatu.” Sikumbuki. Labda anamkinga, yeye ndiye aliyezipokea sandali mlangoni.

Jioni mdogo wangu akapiga simu. “Yaya, mukubwa yangu, nasikia unasema ni mie nilikutega. Bon, kama ni mie, kuya huku Pweto nikufungue. Kama haiko mie, wa kukufungua utamupata wapi?” Akacheka, akakata. Sijui kama ulikuwa utani au kitisho.

Daktari ananingoja Jumatatu. Sandali nimezifunga kwenye mfuko. Sijazivaa tena, wala sijazichoma. Nishaurini, ndugu zangu: nimwachie daktari akate, wakati moyo wangu bado unamshuku mdogo wangu? Kuhusu safari msijisumbue. Miaka yote hii nimetamani kuliona tena ziwa Mweru kutoka dirisha la baba, lakini si kwa kupiga magoti. Pweto sirudi.