Mwanafunzi Wangu, Mfungaji Wake

Nilikuwa na wivu na kocha. Nasema mapema, asije mtu akanitafutia jina la heshima, akadai nilikuwa nalinda viwango vya taaluma. Viwango nilivilinda, ndiyo, kwenye kamati ya chuo nimewekwa kwa kazi hiyo. Lakini roho iliniuma kwa sababu nyingine kabisa.

Nafundisha sayansi ya udongo katika chuo kimoja hapa Morogoro. Kamati yetu ni ya walimu wanne, na kazi yake ni kuamua mwanamichezo yupi aruhusiwe kusafiri na yupi abaki darasani. Kocha huhudhuria, hujieleza, lakini hapigi kura. Wanafunzi wanampenda mno. Akipita na ile traksuti yake iliyopauka magotini, vibanda vyote vya chipsi vinaitikia, "Kochaaa!" Nikipita mimi wanaficha simu, wananipa shikamoo, basi.

Yule binti alikuwa wangu kwanza. Mniruhusu niseme hivyo. Ametoka juu milimani, kwao wanalima karoti na kabichi kwenye miteremko. Siku ya kwanza nilipoweka mabonge ya udongo mezani, wenzake waliyagusa kwa ncha za vidole kama wameshikishwa panya aliyekufa. Yeye alichukua moja, akalilowesha kwa mate, akasugua kwa kidole gumba. "Huu una mfinyanzi mwingi, mwalimu. Mvua ikizidi unateleza na shamba zima." Nikasema moyoni, ahaa, nimempata. Tangu hapo, kila Alhamisi baada ya kipindi, alikuja ofisini kwangu na maswali yake, nami nikamwagizia chai. Nikaanza kupanga: atabaki chuoni, atakuwa msaidizi wangu, nikistaafu atarithi chumba changu na feni yake mbovu.

Halafu kocha akauona urefu wake. Akampa mpira wa pete, akamfanya mfungaji, na Alhamisi zangu zikahamia uwanjani. Nikipita nje ya uzio namsikia anacheka kwa nguvu. Ofisini kwangu alikuwa anatabasamu tu, tena kwa adabu. Siku moja nikamkuta anamkabidhi kocha ndizi za kwao, mkungu mzima! Mimi mwaka mzima hata karoti moja sijaletewa. Jamani!

Mwaka wake wa pili, mashindano ya vyuo yakagongana na mafunzo yetu ya vitendo. Wanafunzi hupanda milimani, wanachimba mashimo na kusoma matabaka ya udongo, na asiyefanya hurudia mwaka. Hiyo haina mjadala. Akienda kucheza, mwaka umekwenda na maji. Akibaki, timu inaondoka bila mfungaji, na wachaguzi wa timu ya taifa wanaokuja kutazama hawamwoni. Kamati ikakaa.

"Rahisi tu," kocha akasema. "Mwalimu ampeleke milimani mapema, peke yake, kabla ya safari."

"Mimi si bodaboda," nikamjibu. "Sikodishwi."

Wenzangu wakacheka. Kocha hakucheka. "Dada yangu, mtoto ana kipaji."

"Kipaji chake nilikiona kabla yako."

Kura zilipopigwa, wawili huku, wawili kule. Mwenyekiti wetu, mzee mpole wa Bukoba, akaona tusigombane bure, tumwite mzazi wake aseme. Nilifurahi hadi nikakunja miguu chini ya kiti. Baba gani atachagua mpira akaacha digrii? Kwetu Upare baba akikohoa, nyumba nzima inanyamaza.

Baba yake alishuka siku ya pili, amevaa koti la Jumapili, viatu vina tope jekundu, rozari shingoni. Mwenyekiti alimweleza jambo lote polepole, hakuficha kitu. "Sasa mzee, neno lako ndilo tutakalolifuata."

Akatutazama mmoja mmoja. "Walimu wangu, mmemwita mtu siye."

"Kwani wewe si baba yake?" nikauliza.

"Baba ni mimi. Nimembeba mgongoni kumpeleka zahanati, nimelima kabichi asome. Lakini kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Neno zito kama hili ni la mjomba. Nikilisema mimi, nitakuwa nimelima shamba la mtu."

Miaka yote hii nakaa Morogoro! Nimekula pilau za harusi zao, nimekesha kwenye misiba yao, na hilo sikuwahi kulijua. Kocha naye, mtu wa Tabora, alikuwa ametoa macho. Kamati nzima ya wasomi, wote wa kuja.

Mzee akatoa simu, akampigia shemeji yake, akaweka sauti kubwa. Mbuzi wakasikika wakilia upande wa pili. Salamu zilichukua muda wake, za afya, za shamba, za mvua, ndipo mwenyekiti akaeleza upya.

"Huyo kocha sisi hatumjui," mjomba akasema. Kocha akajikuna kidevu. "Tunayemjua ni mwalimu wa udongo. Kila likizo humu ndani ni mwalimu wa udongo kasema hivi, mwalimu wa udongo kasema vile, mpaka matuta tumeyahamisha. Yupo hapo?"

"Nipo," nikasema.

"Basi aamue yeye. Akisema abaki, abaki. Hatutanung'unika."

Nikamgeukia kocha. Kumbe na yeye wivu anaujua! Ulikuwa umemkaa usoni waziwazi, na mimi nilifurahi, sikuona haya hata kidogo. Neno moja tu, "abaki", na Alhamisi zangu zingerudi.

Mwenyekiti akamwita binti, aliyekuwa kwenye benchi pale koridoni, akamwambia mjomba wake ameniachia mimi uamuzi. Binti hakumtazama baba yake wala kocha. Alinikazia macho mimi, mikono imeshika pindo la sketi.

"Unataka nini wewe?" nikamuuliza.

"Vyote viwili, mwalimu."

Mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Methali nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikamwangalia vidole. Kwenye kucha za mkono wa kulia kulikuwa na udongo.

"Keshokutwa alfajiri uje na jembe na viatu vigumu," nikasema. "Ukichelewa nakuacha."

Akapiga goti. "Asante, mwalimu." Kwa adabu, kama kawaida yake. Akatoka, kocha akamfuata.

Mlango haujajifunga vizuri tukasikia ukelele huko nje, binti anaruka, miguu inagonga sakafu, na kocha naye anapiga mayowe kama kafunga goli mwenyewe. Walicheka, wakaitana, wakaanza kukimbia kuelekea uwanjani.

"Kwangu hajawahi kufurahi hivyo," nikasema, wala sikuwa namwambia mtu.

Baba yake alikuwa anafunga vifungo vya koti. Mkono ukasimama kwenye kifungo. Akasikiliza mpaka sauti zikapotea.

"Hata kwangu, mwalimu," akasema.