Paka wa Bibi Hashibi

Mwezi uliopita nilishuka Makambako kusubiri gari la Njombe, upepo ukivuma kama kawaida yake, nikaingia kwenye kibanda cha mama lishe kutafuta chai. Chini ya meza kulikuwa na kitoto cha paka kinalia. Nikakirushia kipande cha chapati. Mama lishe akacheka, akasema nisijisumbue, kimeshakula mara nyingi na kitamlilia hata atakayekaa hapo baada yangu. Hamu ya chai ikaniisha. Maneno kama hayo, rafiki yangu, niliyasema mimi utotoni, jikoni kwa bibi yangu, kijijini Yakobi.

Jiko la bibi lilikuwa kijumba cha peke yake, cha udongo, kimejaa moshi wa kuni za miwati, na juu ya moto kulikuwa na dari la kuhifadhia mahindi. Paka aliletwa kwa ajili ya panya wa dari hilo, ingawa alikuwa mdogo kiasi kwamba panya wetu wangeweza kumchapa. Bibi alikataa kumpa jina mpaka akamate panya wake wa kwanza, basi tukamwita Paka. Ilikuwa Julai, na Julai ya Njombe unaijua: asubuhi umande umeganda juu ya majani ya viazi, na mtoto anaoga kwa kukimbizwa. Paka alilala majivuni, masharubu ya upande mmoja yameungua.

Kumlisha ilikuwa kazi yangu. Jioni nilimfinyangia ugali, nikamwagia mchuzi wa maharage, na siku ya neema nikachanganya dagaa. Alimaliza, akalamba bakuli mpaka likasogea, kisha akaenda kusimama mbele ya kigoda cha bibi na kulia kana kwamba hajaonja kitu tangu aletwe. Mimi ndiye niliyeona aibu. Nilimwambia mama kwamba paka huyu ana tumbo la kuazima. Mama akasema nimwongezee ugali. Nikaongeza. Paka akaviringana kama kibuyu, na kilio kikabaki palepale.

Siku hizo bibi alikuwa ameanza kula peke yake jikoni, akisema ndani kuna baridi. Sahani yake ilirudi nyeupe kila jioni, na mama aliipokea kwa furaha, akijisifu kwamba mama yake bado anakula kama mtu anayetoka shamba. Hata mimi nilifurahi. Ila sweta la bibi lilizidi kuwa kubwa, na kanga aliyoizungusha mara moja sasa aliizungusha mara mbili. Mtoto huona vitu bila kujua ameona nini.

Jioni moja nikarudi jikoni kuchukua kibiriti, nikamkuta bibi anavunja viazi vyake vipande vidogo na kumpa paka kimoja kimoja. Hakushtuka. Akaniambia nikae.

"Chakula kinagoma kushuka, mjukuu wangu," alisema, akagusa koo. "Kinafika hapa, kinarudi. Usimwambie mama yako. Ana mambo mengi."

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia mama. Alilia kwanza, halafu akakasirika, akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho yake akampeleka hospitali ya misheni. Mimi nilibaki na paka, nikiwa na hakika kabisa kwamba watarudi na dawa, maana hospitali kazi yake ni hiyo. Walirudi bila dawa. Mama alisema daktari amesema bibi atunzwe nyumbani, na uji uwe mwepesi. Basi, hayo tu.

Nilipika uji wa ulezi, nikauchuja, nikatia maziwa, nikaongeza sukari, nikapunguza sukari. Jirani alitusalimu kamwene mlangoni, akatupa parachichi aliloliponda laini, akaondoka akifuta macho. Bibi alipokea kijiko, akajitahidi kwa ajili yangu tu, na uji ukarudi. Na njaa alikuwa nayo. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba alikuwa na njaa kweli, na chakula kipo, na mimi nimekishika mkononi. Chini paka analia.

Siku yake ya mwisho bibi aliushika mkono wangu wenye kijiko, akaushusha taratibu.

"Mpe paka," alisema. "Angalau mmoja wetu ashibe."

Nikampa. Akala yote. Sikuwa na jingine la kufanya.

Jiko lile halipo tena. Pale tumepanda miparachichi, mahindi yanakaa kwenye magunia yenye dawa, mama anapikia gesi, na moshi wa miwati nausikia nikipita nyumba za watu. Hayo yote nimeyazoea. Ila mgeni akila kwangu, akasogeza sahani na kusema ameshiba, siiondoi upesi. Namtazama kwanza, na mara nyingi namuuliza tena.